Shan: Jumba la Sinema Lililogeuka Ukumbi wa Sarakasi

Wazee wetu waliokulia Mombasa hawazitaji sinema za Regal na Naaz bila ya kutabasamu. Katika miji ya Pwani, na Unguja vilevile, yalikuwapo maonyesho ya wanawake watupu. Mama alijitanda buibui lake, akawashika watoto mkono, akenda kuketi na mashoga zake pasipo jicho la mwanamume. Filamu za Kihindi walizifahamu kwa nyimbo na machozi kabla ya maneno.

Majumba yale yamekwenda wapi? Kaseti za video zilipoingia majumbani katika miaka ya 1980, viti vilianza kubaki vitupu. Baadhi ya majumba yakawa maduka, mengine makanisa, mengine yakavunjwa.

Sinema ya Shan ilipata bahati nyingine. Ilikuwa Ngara, Nairobi, mtaa ambao kwa miaka mingi ulikaliwa na familia za Kihindi, na jina lake kwa Kiurdu ni fahari. Asili ya neno hilo ni Kiarabu, nasi tunalo katika "shani" yetu, yaani jambo la ajabu. Katika miaka ya 2000 jumba lilichukuliwa na Sarakasi Trust, taasisi iliyoanzishwa mwaka 2001 kuwainua vijana wanasarakasi, wachezaji ngoma na wanamuziki. Leo laitwa Sarakasi Dome. Mchana vijana hujifunza humo kupinduka hewani na kusimama mabegani mwa wenzao. Usiku wa tamasha, watu huja kusikiliza muziki.

Si kila muziki wa humo tungewapeleka watoto wetu kuusikiliza, na hilo tulisema wazi. Hata hivyo kijana aliyefunzwa kazi ya mwili wake hupata riziki, na wapo wasanii wa taasisi hiyo wanaokwenda hospitalini kuwachangamsha watoto waliolazwa.

Sisi tunaandika haya tukiwa Kehancha, mbali na bahari, karibu na mpaka wa Tanzania. Huku filamu na mpira hutazamwa kibandani, vijana wa kiume wamebanana juu ya mabenchi, na hatujapata kumwona mama akiketi humo na wanawe. Bibi zake walikuwa na siku yao na viti vyao. Tungefurahi kuona ukumbi kama ule wa Ngara ukitenga alasiri moja kwa wanawake na watoto, mlango ukishikwa na wanawake wenyewe.