Sura ya 3: Neno Hukatwa Wapi?

Mwaka 1958 mtafiti wa Marekani, Jean Berko, alichapisha jaribio alilowafanyia watoto wadogo. Mtoto alionyeshwa picha ya kiumbe mfano wa ndege, akaambiwa huyu ni wug. Kisha akaonyeshwa wawili, akaachiwa sentensi aimalizie mwenyewe. Neno hilo lilitungwa makusudi ili asiwepo mtoto aliyewahi kulisikia. Hata hivyo wengi walijibu wugs, na ile s ya mwisho wakaitamka z, kama inavyotamkwa katika dogs. Hawakukariri. Kiambishi cha wingi kilikuwa tayari vichwani mwao, kimekwisha kujitenga na maneno waliyojifunza nayo. Lakini walipopewa tass, neno jingine la kubuni, wengi walilirudia vilevile bila kuongeza kitu, ingawa glasses walikuwa wakiijua. Kanuni huota kidogo kidogo.

Kipande kidogo kabisa cha neno chenye maana au kazi ndicho tunachokiita mofimu. Kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili si geni: hawatanipigia ni neno moja lenye mofimu saba. Kiingereza hakipangi vipande vingi hivyo, ila mpangilio wake una mitego. Tazama unlockable. Vipande ni vitatu: un, lock, able. Ukianza kuunga un na lock, unapata kufungua, na ukimalizia na able, mlango unaoitwa hivyo unaweza kufunguliwa. Ukianza na lock na able, unapata kinachofungika kwa ufunguo. Ukitanguliza un baadaye, mlango huohuo haufungiki kabisa! Vipande ni vilevile, herufi ni zilezile, maana zinapingana. Kwa hiyo haitoshi kuvijua vipande. Lazima ujue kipi kiliungwa kwanza.

Na nani huamua pa kukata? Mara nyingi si historia. Hamburger ilitokana na jina la Hamburg, mji wa Ujerumani, pamoja na kiambishi er. Waingereza na Wamarekani wakasikia ham, yaani nyama ya paja la nguruwe, wakakata hapo. Burger iliyobaki ikazaa cheeseburger. Nasi tulifanya vivyo hivyo. Kitabu ni neno la Kiarabu ambalo k yake ni ya mzizi, lakini masikio yetu yalisikia ki ya kisu na kiti, tukapata vitabu. Mimi sioni kosa hapo. Sarufi ni ya wanaoitumia.

Kuna na cranberry. Berry ni tunda dogo, hilo halina shida; cran kwa msemaji wa kawaida haikuwa na maana yoyote peke yake, kazi yake ilikuwa kulitenga tunda hili na blackberry au blueberry. Baadaye watengenezaji wa sharubati wa Marekani wakaing'oa cran na kuiunganisha na apple. Sasa mnunuzi akiiona cran kwenye chupa, anajua tunda gani limekamuliwa humo.