Picha ya Eksirei Pekee Haipimi Maumivu ya Nyonga

Mwananchi anayeumwa nyonga anapoelezwa kuwa eksirei yake haina kasoro, huweza kuondoka hospitalini akidhani hakuaminiwa. Mwingine huonyeshwa kiungo kilicholika ilhali anatembea bila taabu, akaingiwa na hofu ya upasuaji. Hali zote mbili zina maelezo ya kitaalamu.

Ugonjwa wa kulika kwa viungo, yaani osteoathritisi, huathiri gegedu linalofunika ncha za mifupa. Eksirei haionyeshi gegedu lenyewe, bali huonyesha nafasi iliyopungua kati ya mifupa na vijifupa vilivyoota pembeni. Tangu mwaka 1957 mabadiliko hayo hupangwa kwa kipimo cha Kellgren na Lawrence, chenye madaraja ya 0 hadi 4. Daraja hilo hueleza umbo la kiungo, si ukali wa maumivu.

Aidha, gegedu halina mishipa ya fahamu. Maumivu hutokana na sehemu nyingine, zikiwemo mfupa ulio chini yake na utando wa kiungo unapovimba.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la BMJ, kwa takwimu za wakazi wa Framingham nchini Marekani, ulibaini kuwa kati ya nyonga zenye maumivu ya mara kwa mara, asilimia 15.6 pekee zilikuwa na dalili za ugonjwa huo kwenye eksirei. Kati ya nyonga zilizokuwa na dalili hizo kwenye picha, asilimia 20.7 tu ndizo ziliuma mara kwa mara.

Kwa sababu hiyo, daktari huanza kwa kumsikiliza na kumpima mgonjwa. Maumivu ya kinena yanayoongezeka wakati wa kutembea, pamoja na kukakamaa asubuhi kwa muda usiozidi dakika 30, ni dalili muhimu kwa mtu mwenye umri wa miaka 45 au zaidi.

Hata hivyo, picha huhitajika haraka pale maumivu yanapofuatia kuanguka, yanapoambatana na homa au kupungua uzito, au mgonjwa anapokuwa na selimundu, ambayo huweza kuua kichwa cha mfupa wa paja kwa kukosa damu.

Matibabu huanza kwa mazoezi na kupunguza uzito uliozidi. Uamuzi wa kubadilishiwa nyonga huzingatia namna maumivu yanavyomzuia mgonjwa kuendesha maisha yake. Hivyo, mwananchi anapofika kituo cha afya, amweleze mtaalamu mambo asiyoweza tena kuyafanya, kwani hayo hayaonekani kwenye picha.