Panya buku wa Morogoro na biashara ya kutangulia

Julai 4, 1997, chombo cha Marekani kilitua kwenye sayari ya Mirihi kikiwa kimebeba kigari cha magurudumu sita kiitwacho Sojourner. Kigari chenyewe hakikufika kilo 11, na hadi kinanyamaza kilikuwa kimetembea takriban mita 100, yaani goli hadi goli. Mwaka huohuo, Mbelgiji Bart Weetjens alianzisha shirika la APOPO ili kufundisha panya kunusa mabomu ya kutegwa ardhini. Mwaka 2000 kazi hiyo ikahamia Morogoro, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), chini ya Milima ya Uluguru.

Ukizifungua hesabu za shughuli hizi mbili utakuta biashara ni moja: kumtuma mwingine atangulie pale ambapo mtu hawezi, au hafai, kukanyaga.

Huko angani bei zinatisha. Mradi wa Perseverance, kigari cha zaidi ya tani moja kilichotua Mirihi Februari 2021, uligharimu takriban dola bilioni 2.7. Kinachopunguza makali ni uimara. Opportunity, kilichoanza kazi mwaka 2004, kilitengenezwa kwa siku 90 lakini kikadumu hadi 2018 na kutembea zaidi ya kilomita 45. Kila mwaka wa nyongeza ulishusha bei ya kila mita iliyochunguzwa.

Namna ya kununua nayo inabadilika. Aprili 2024, shirika la anga la Marekani, NASA, lilichagua kampuni tatu, Intuitive Machines, Lunar Outpost na Venturi Astrolab, zisanifu gari la wanaanga Mwezini, kwa mikataba inayoweza kufikia jumla ya dola bilioni 4.6. NASA haitamiliki gari. Italipia huduma, kama mfanyabiashara wa mboga wa Mgeta, huko Uluguru, anavyokodi fuso kushusha kabichi mjini: pancha na matengenezo ni juu ya mwenye gari.

Biashara ya kutegua mabomu ilifika mapema kwenye hesabu hiyo. Hakuna anayekuja Morogoro kununua panya. Anayelipa, aghalabu serikali au mfadhili, anataka mita za mraba zilizothibitishwa kuwa salama.

Mtambo wa Morogoro ni panya buku, mwenye uzito wa kilo moja na kidogo, mwepesi mno kulipua bomu analolikanyaga. Mafunzo huchukua karibu miezi tisa na kugharimu takriban euro 6,000 kwa kila mmoja. Kazi huanza alfajiri kwa sababu mnyama huyu ni wa usiku na jua humchosha. Masikio yake hupakwa mafuta ya kuzuia miale. Anafungwa mikanda kifuani, anapita kwenye kamba iliyonyooshwa kati ya wakufunzi wawili, na akinusa baruti anakwaruza ardhi. Malipo yake ni kipande cha ndizi au karanga.

Faida yake ni muda. Kifaa cha kutambua chuma hulia kwa msumari, kizibo cha soda na kopo la zamani, na kila mlio lazima uchimbuliwe kwa tahadhari ileile. Panya anafuata harufu ya baruti tu. Eneo la ukubwa wa uwanja wa tenisi analimaliza kwa nusu saa. Mtu mwenye kifaa anaweza kulifanyia kazi hadi siku nne. Msumbiji, nchi ambako panya hawa walifanya kazi kwa miaka mingi, ilitangazwa kuwa huru dhidi ya mabomu Septemba 2015. Magawa, mzaliwa wa Morogoro, aligundua mabomu 71 ya ardhini nchini Cambodia na kupewa nishani ya dhahabu ya taasisi ya PDSA ya Uingereza mwaka 2020.

Hiyo ni bidhaa ya kuuza nje. Soko la nyumbani ni kifua kikuu. Tangu 2007, sampuli za makohozi kutoka vituo vya afya hupitishwa mbele ya panya baada ya hadubini kusema hakuna ugonjwa. Panya mmoja hukagua sampuli 100 kwa dakika 20, na zile anazozitilia shaka hurudiwa maabara kabla mgonjwa hajaambiwa lolote. Hapo pia kinachozalishwa ni uhakika, ila mlipaji ni mgumu zaidi kumpata: mgonjwa hana uwezo, na kituo kilishamaliza kipimo chake.

Bidhaa mpya ziko njiani. Panya wanafundishwa kunusa magamba ya kakakuona na pembe za ndovu zinazofichwa kwenye makontena. Wengine wanavalishwa kibegi chenye kamera na kipaza sauti ili waingie kwenye vifusi vya majengo kutafuta manusura. Huyo wa mwisho ni ndugu kabisa wa kigari cha Mirihi: ana kamera na mawasiliano, na bosi wake yuko mbali. Tofauti ni kwamba kigari hupangiwa pa kwenda na wahandisi, ilhali panya anajipenyeza mwenyewe.

Udhaifu wao pia unafanana. Vigari vya Mirihi na panya buku wote huishi kwa fedha za mtu asiyetumia huduma yenyewe. Bajeti ikikatwa Washington au mfadhili akibadili vipaumbele, ujuzi wa miaka 20 na zaidi hauna duka la kuuzwa rejareja. Kwa hiyo kipimo cha ukuaji wa sekta hii Morogoro si idadi ya panya wanaozaliwa bandani. Ni idadi ya walipaji wapya, kama mamlaka za bandari na bajeti za afya za ndani, watakaokubali kulipia mita, kontena au sampuli bila kusubiri mfadhili.