Si kila kuku anayezubaa ana Newcastle, huenda ni vimelea vya damu

KUKU anapozubaa, akakataa kula na kuharisha kinyesi cha kijani kibichi, wafugaji wengi humu nchini husema papo hapo kwamba ni Newcastle. Hata hivyo, huenda adui amejificha ndani ya damu.

Ndege wafugwao hushambuliwa na vimelea vya aina tatu vyenye ujamaa wa karibu: plasmodiamu, lukositozoni na hemoproteasi.

Plasmodiamu, inayosababisha malaria ya ndege, huenezwa na mbu. Lukositozoni huenezwa na usubi, wale inzi wadogo weusi wanaouma mchana na kuzaana katika mito yenye maji yaendayo kasi. Hemoproteasi ya njiwa nayo huletwa na inzi bapa ajifichaye katikati ya manyoya.

Vimelea hivyo huharibu chembechembe za damu. Undu hupauka, ndege hudhoofika na mayai hupungua. Vifaranga ndio hufa kwa wingi, ilhali kuku wakubwa aghalabu hupona wakiwa bado na vimelea mwilini. Mdudu akimuuma kuku kama huyo, hupeleka maradhi kwa vifaranga.

Malaria ya kuku haimwambukizi binadamu. Lakini ni kwa kuchunguza ndege huko Calcutta, India, mwaka wa 1898 ambapo Ronald Ross alibainisha jinsi mbu anavyoeneza vimelea vya malaria. Alituzwa Nobel mwaka wa 1902.

Mfugaji asisahau papasi, ambaye hujificha kwenye nyufa mchana na kufyonza damu usiku. Huyu huambukiza kuku bakteria wanaoleta homa kali na vifo. Penisilini huwaua bakteria hao, lakini haifai kitu dhidi ya malaria ya ndege.

Kwa sababu hiyo, kununua dawa kwa kukisia ni kutupa fedha. Mwite daktari wa mifugo achukue tone la damu na kulichunguza kwa hadubini. Dawa ikishatolewa, usiuze mayai wala nyama kabla ya muda atakaoutaja kupita.

Jambo la busara zaidi ni kuwazuia wadudu. Ziba nyufa za banda, weka wavu wenye matundu madogo madirishani, mwaga maji yaliyotuama na utenge vifaranga na kuku wakubwa. Chanjo ya Newcastle iendelee kutolewa, ila ifahamike kwamba haikingi maradhi haya.