Ukamuaji wa tope la majitaka

Ukamuaji wa tope la majitaka ni kazi ya kutoa maji katika tope linalobaki baada ya kusafisha majitaka, kwa kutumia nguvu ya mashine. Mashine hizo hubana tope, hulichuja au hulizungusha kwa kasi mpaka sehemu kubwa ya maji itoke na kubaki donge lenye unyevu linaloitwa keki. Njia hiyohiyo hutumika kwa takataka zinazooza, kama vile mabaki ya vyakula, samadi na masalia ya mitambo ya biogesi. Ukamuaji hupunguza uzito na ujazo, lakini hauui vijidudu: keki inayotoka mashineni bado si mbolea salama.

Sababu za kukamua

Tope la kawaida kabla ya kukamuliwa lina yabisi asilimia 1 hadi 5 tu. Kilichobaki ni maji. Tuseme kituo kina tani 100 za tope lenye yabisi asilimia 2. Humo mna tani 2 za yabisi na tani 98 za maji. Tope hilo likikamuliwa hadi kufikia yabisi asilimia 20, zile tani 2 zitakuwa ndani ya keki yenye uzito wa tani 10. Tani 90 za maji zimeondoka, na lori la tani 10 linahitaji safari moja badala ya kumi.

Sababu ya pili ni nishati. Kugeuza tani moja ya maji kuwa mvuke huhitaji zaidi ya kilowati-saa 600 za joto, hata pasipo kupoteza chochote. Kubana maji yatoke hutumia nishati kidogo sana kuliko hiyo. Kwa hiyo tope linalokusudiwa kukaushwa kwa moto au kuchomwa hukamuliwa kwanza.

Maji yaliyomo katika tope

Maji ya tope hayatoki yote kwa urahisi ule ule. Yako maji huru, ambayo hujitenga yenyewe tope likitulia. Yako yaliyonaswa kati ya chembe, ambayo hutoka kwa kubanwa. Yako pia yaliyoshikamana na chembe au yaliyo ndani ya seli za bakteria. Hayo hayatoki kwa kubanwa kwa kawaida. Anayekamua tui kwa kifumbu huona jambo kama hilo: tui hutoka upesi mwanzoni, lakini machicha hubaki na unyevu hata akamue kwa nguvu zake zote.

Kuandaa tope

Chembe za tope ni ndogo mno na kwa kawaida zina chaji hasi, hivyo husukumana. Tope lisiloandaliwa huziba kitambaa cha chujio au hupenya pamoja na maji. Kwa sababu hiyo huchanganywa kwanza na polima yenye chaji chanya, au chokaa pamoja na chumvi za chuma. Chembe hushikana na kuwa mabonge, na maji hupata njia ya kupita kati yake. Kipimo kikiwa kidogo, mabonge hayaundiki. Kikizidi, fedha hupotea na tope huweza kuteleza na kunata kwenye kitambaa. Mabonge yakikorogwa kwa nguvu mno huvunjika tena.

Aina za mashine

* Mashine ya mikanda: tope hupita kati ya mikanda miwili yenye matundu madogo, inayozunguka roli zinazozidi kuibana. Keki huwa na yabisi karibu asilimia 15 hadi 25. Mikanda huoshwa kwa maji mfululizo.
* Mashine ya mabamba: tope husukumwa kwa pampu katika nafasi kati ya mabamba yaliyovikwa kitambaa, kwa shinikizo kubwa. Hufanya kazi kwa mikupuo na hutoa keki kavu zaidi, mara nyingi zaidi ya asilimia 30.
* Mashine ya parafujo: parafujo huzunguka polepole ndani ya chujio la silinda. Nafasi hupungua kuelekea mwisho, na maji hutokea matunduni. Hutumika sana kwa samadi na masalia ya biogesi.
* Mashine ya mzunguko wa kasi: haibani tope, bali hulizungusha kwa kasi kubwa hadi yabisi ikajitenga na maji. Keki yake huwa na yabisi karibu asilimia 20 hadi 30, lakini mashine hutumia umeme mwingi kuliko ile ya parafujo.

Maji yaliyokamuliwa

Maji yanayotoka mashineni si safi. Yale ya tope lililomeng'enywa bila hewa huwa na amonia na fosforasi nyingi. Hayafai kumwagwa mtoni. Hurudishwa mwanzoni mwa kituo ili yasafishwe.

Matumizi na hatari za keki

Keki huwa na nitrojeni, fosforasi na mboji, vitu vinavyofaa udongo. Lakini inaweza kubeba bakteria, virusi na mayai ya minyoo. Mayai ya mchango huweza kuishi udongoni kwa miezi, hata miaka. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 unataka kinyesi kilichotibiwa kwa ajili ya kilimo kiwe na yai la minyoo chini ya moja kwa kila gramu ya yabisi. Njia moja ya kuua vimelea ni kutengeneza mboji: kanuni za Marekani za mwaka 1993 hutaka rundo linalogeuzwa lifikie nyuzi 55 za selsiasi au zaidi kwa siku 15, na ligeuzwe mara 5 katika muda huo.

Joto halitoi metali nzito kama kadimiamu na risasi. Hizo huzuiwa viwandani, kabla hazijaingia katika mabomba ya majitaka.

Historia

Kwa miaka mingi miji ya pwani ilitupa tope baharini. Mwaka 1988 Marekani ilipitisha sheria ya kukomesha jambo hilo, na New York iliacha mwaka 1992 baada ya kujenga vituo vya kukamua tope. Uingereza iliacha mwishoni mwa 1998.

Afrika Mashariki

Wakazi wengi wa miji ya Afrika Mashariki hutumia vyoo vya shimo na matanki ya majitaka, hivyo tope hufika kituoni kwa magari ya kunyonya. Njia iliyozoeleka ni mabwawa, kama yale ya Vingunguti jijini Dar es Salaam, au vitanda vya kukaushia, kama vya Lubigi jijini Kampala. Vitanda havihitaji umeme wala polima, ila huhitaji ardhi kubwa, na ukaushaji huchelewa wakati wa mvua. Mashine huhitaji eneo dogo, lakini hutegemea umeme, vipuri na mafundi. Huko Dakar, Senegal, watafiti wamejaribu mbegu za mlonge badala ya polima za viwandani.