Nani Yuko Chini? Utangulizi wa Visiwa Vinavyoelea

Huenda umefika hapa kwa njia ya filamu ya katuni ya Kijapani, au umechungulia simu ya mwanao ukakuta kipande cha ardhi chenye mti mmoja kikining'inia hewani bila kamba wala nguzo. Njia yoyote inafaa. Wanaolishughulikia somo hili wametawanyika: mmoja amezama katika fasihi ya Kigiriki, mwingine anachambua sinema, mwingine anaunda gemu usiku kucha na wala hajui kwamba amejiunga nasi.

Mgeni huuliza kwanza kisiwa chenyewe kinashikiliwa na nini. Ni swali halali, na majibu yake mengine yanachekesha. Ila nakuomba ubebe na swali la pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo lenye mavuno zaidi: chini yake kuna nani? Kisiwa kilichoko juu hutupa kivuli mahali fulani. Mwandishi anayekumbuka kivuli hicho na yule anayekisahau huandika hadithi mbili tofauti kabisa, hata kama jiwe lao la kuelea ni lile lile.

Tuanzie majini, maana huko ndiko visiwa hivi vilikozaliwa. Katika Odisea ya Homer, Aeolus mlinzi wa pepo anaishi kwenye kisiwa kinachoelea, kimezungushiwa ukuta wa shaba. Kuna pia Delos, kilichokuwa kikitangatanga baharini mpaka mungu wa kike Leto alipokosa ardhi ya kumpokea ajifungue, kwa kuwa kila ardhi ilimhofia Hera. Kisiwa kile kikampokea, na baada ya Apollo kuzaliwa kikatiwa mizizi kisisogee tena. Herodotus, aliyezuru Misri katika karne ya 5 kabla ya Kristo, alionyeshwa kisiwa cha Chemmis karibu na mji wa Buto, akaambiwa kinaelea. Aliandika kwamba yeye mwenyewe hakukiona kikielea wala kikisogea, na kwamba habari hiyo ilimshangaza. Wasomi wa nyakati zote wangejifunza adabu hiyo: kueleza ulichoambiwa, kisha kusema ulichokiona.

Lakini Herodotus huyo huyo angefika Jinja, Uganda, asingeshangaa. Katika Ziwa Victoria mafunjo na magugu maji hushikana mizizi yakawa zulia nene, kisha upepo na mawimbi yakalikata kutoka ufukweni, likaondoka na kila kilichoota juu yake. Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kilisukumwa hadi kwenye mitambo ya umeme ya Nalubaale, pale Mto Nile unapoliaga ziwa, na Uganda nzima ikaingia gizani. Sijaona mtunzi aliyethubutu kukipa kisiwa chake kazi kama hiyo.

Wasomaji wa Alfu Lela Ulela wanakumbuka safari ya kwanza ya Sindbad. Mabaharia wanashuka kwenye kisiwa chenye miti, wanawasha moto wapike, na mara kisiwa kinastuka: kumbe ni samaki aliyelala muda mrefu hata mchanga ukamjaa mgongoni na miti ikaota. Wenzangu kadhaa humtoa samaki huyu kwenye somo letu, wakidai kwamba ni mnyama tu. Mimi simtoi. Mabaharia walijali kilichoko juu, yaani kuni na mahali pa kunyoosha miguu, na hakuna aliyeuliza kilichoko chini mpaka kilipozama nao.

Aliyekipandisha kisiwa angani kwa namna ambayo bado tunaifuata ni Jonathan Swift, katika Safari za Gulliver, mwaka 1726. Hapa nitakaa kidogo. Gulliver ameachwa na maharamia, yuko peke yake juu ya miamba, na ghafla jua linazibwa. Anadhani ni wingu. Akitazama vizuri anaona kitu kikubwa, kigumu, bapa upande wa chini, na watu wakipita kando kando yake. Ni Laputa: duara la ekari 10,000, lenye unene wa yadi 300, na tako lake ni bamba moja la jiwe gumu kupita mengine yote.

Swift alikuwa akiwatania wanasayansi wa London, kwa hiyo alieleza mtambo wake kwa lugha yao, hatua kwa hatua. Katikati ya kisiwa kuna pango, na ndani yake sumaku yenye urefu wa yadi sita iliyowekwa kwenye mhimili. Ncha moja huvutwa na ardhi ya ufalme ulioko chini, nyingine husukumwa. Ukielekeza ncha inayovutwa chini, kisiwa kinashuka, ukiigeuza, kinapaa, ukiilaza sumaku sambamba na ardhi, kinasimama, ukiiinamisha, kinakwenda mshazari. Hakiwezi kupanda zaidi ya maili nne, wala kutoka nje ya mipaka ya ufalme, kwa sababu madini yanayoisukuma sumaku yako chini ya ufalme huo peke yake. Yaani kisiwa kinatawala ardhi, na bila ardhi hiyo hiyo hakiendi popote.

Na ardhi ile ina watu. Kisiwa kinapopita juu ya mji, mfalme huamuru kamba nyembamba ziteremshwe, ncha zake zimefungwa vizito, na raia hufungia humo maombi yao yaliyoandikwa kwenye karatasi. Chakula na divai hupandishwa kwa roda. Tazama picha hiyo vizuri: karatasi zinapanda, mikate inapanda, na kinachoteremka ni kamba tupu. Mji ukiasi au ukigoma kulipa kodi, mfalme hukisimamisha kisiwa juu yake, akawanyima jua na mvua. Wakizidi, wanatupiwa mawe. Adhabu ya mwisho ni kukiangusha kisiwa chenyewe juu ya vichwa vyao.

Adhabu hiyo ya mwisho, Swift anasema, haitekelezwi kirahisi, na sababu zake zinaonyesha alivyoifahamu serikali. Kwanza, mawaziri wana mashamba yao huko chini. Pili, mji wenye miamba mirefu au minara ya mawe unaweza kulipasua tako la kisiwa, na mfalme analijua hilo. Anapotaka kuogofya watu hukishusha polepole, kwa madai ya huruma, kumbe anaogopa ufa.

Kisha kuna mji wa Lindalino, ambao wakazi wake walijenga minara minne, wakaweka sumaku juu ya kila mmoja, na kukitega kisiwa mpaka mfalme akakubali masharti yao. Msomaji wa Dublin asingehitaji kuelezwa ni kisa gani kinachosimuliwa kwa fumbo. Mwaka 1722 Mwingereza William Wood alipewa kibali cha kutengeneza sarafu za shaba kwa ajili ya Ireland. Waayalandi wakazikataa, Swift mwenyewe akawaandikia vijitabu vya kuwatia moyo mwaka 1724, na mwaka uliofuata kibali kikafutwa. Kipande cha Lindalino hakikuthubutu kuingia katika kitabu kilichochapishwa hadi 1899, zaidi ya miaka 150 baada ya kifo cha mwandishi.

Ukishaisoma Laputa hivyo, kazi nyingi za baadaye zinajipanga zenyewe. Hayao Miyazaki alilichukua jina lenyewe kwa filamu yake ya 1986, Laputa: Kasri la Angani. Kasri lake limehamwa. Wamebaki roboti, ndege na mti mkubwa uliopenyeza mizizi kila mahali, na chini kabisa zimefichwa silaha. Pazu, mvulana wa hadithi hiyo, anatoka katika mji wa wachimba migodi. Miyazaki alifika Wales mara tu baada ya mgomo mkubwa wa wachimba makaa wa 1984–85, na hakuficha jinsi alivyowastahi wale waliopigana hadi mwisho. Kwa hiyo anayelifikia kasri ni mtoto aliyezoea kuwa chini ya ardhi, si juu yake tu.

Avatar ya James Cameron, 2009, ina milima inayoelea kwa nguvu ya sumaku na madini ya ajabu. Miaka 283 imepita tangu kitabu cha Swift, na jibu la swali la kwanza halijabadilika sana! Mchoraji Roger Dean, ambaye tangu miaka ya 1970 alichora visiwa vya angani kwenye majalada ya santuri za bendi ya Yes, alimshtaki Cameron kwa kunakili kazi zake. Mahakama ikalitupa shauri hilo mwaka 2014. Sina ubishi na mahakama, ila mwanafunzi wa somo hili ayatazame majalada hayo kabla ya filamu.

Sasa gemu, ambako ndiko visiwa hivi vinaishi zaidi siku hizi, na kwa sababu za kifundi kabisa. Muundaji wa gemu ana tatizo la zamani: dunia yake lazima iishie mahali. Akiweka ukuta, mchezaji anauona ukuta. Akiweka bahari, mchezaji atataka kuogelea. Kisiwa cha angani kinaishia ukingoni, na kila mtu anaelewa mara moja kwa nini. Kompyuta nayo hupumzika, kwani haina bonde wala msitu wa mbali wa kuchora. Bastion ya 2011 ilipata faida nyingine. Kamera yake hutazama kutoka juu kwa mshazari, na kwa kawaida kamera ya namna hiyo haikuonyeshi mbingu kamwe. Katika Bastion dunia imevunjika vipande, ardhi inapaa na kujipanga mbele ya miguu ya kijana anayetembea, na mbingu inaonekana chini yake.

Gemu nyingi hazijali jibu la swali la kwanza. Tangu Super Mario Bros. ya 1985 matofali yanaelea hewani na hakuna anayeuliza. Minecraft imelifanya jambo hili kuwa sheria ya maumbile: mchanga na kokoto huanguka ukitoa kilichoko chini yake, lakini udongo na mawe hubaki palepale. Kata kipande cha chini cha shina la mti, na kilichobaki kitaning'inia kama kilivyokuwa. Mwaka 2011 shabiki mmoja alitumia ukaidi huo kuunda ramani ya Skyblock. Unaanza juu ya kisiwa kidogo cha udongo, na mti mmoja, na sanduku lenye barafu na ndoo ya lava. Kila upande ni utupu. Barafu inayeyuka kuwa maji. Maji yakikutana na lava yanazaa jiwe. Unalichimba, linazaliwa jingine, na kwa jiwe hilo unapanua mahali pa kusimama. Ukilichimba vibaya linatumbukia kwenye lava. Ukiukata mti bila kupata mche, umekwisha.

Ni gemu nzuri sana, nami nimepoteza saa nyingi humo. Hata hivyo, hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoiona kama kilele cha somo letu. Chini ya kisiwa cha Skyblock hamna mtu. Kuanguka ni adhabu ya mchezaji peke yake. Swift angekitazama akauliza kodi inatoka wapi.

Gemu nyingine zilikumbuka. Chrono Trigger ya 1995 ina ufalme wa Zeal, ulioko juu ya mawingu, wenye maktaba, bustani na uchawi. Chini yake dunia imefunikwa na theluji, na watu wasio na uchawi wanaishi mapangoni. Mchezaji hupita huku na huku, na tofauti ya rangi za skrini pekee inamweleza kila kitu kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. BioShock Infinite ya 2013 inachora mji wa Columbia, mwaka 1912, wenye sura ya maonyesho makubwa ya Chicago ya 1893: bendera, muziki, na ubaguzi wa rangi uliohubiriwa kama dini. Watu wa chini hawakuachwa ardhini. Wamepandishwa humo humo, wakafungiwa kwenye karakana.

Mfululizo wa Zelda ni mfano mzuri wa jinsi fundi anavyoweza kuligeuza wazo. Skyward Sword ya 2011 ina kisiwa cha Skyloft, na kati yake na ardhi pazia la mawingu. Unashuka kupitia tundu, gemu inasita kupakia sehemu nyingine, kisha unajikuta chini. Juu na chini ni vyumba viwili. Tears of the Kingdom ya 2023 iliondoa ukuta huo. Unaruka kutoka ukingo wa kisiwa, unauona ufalme wote wa Hyrule ukikua chini yako, na ukilenga shimo sawasawa unapitiliza hadi chini ya ardhi bila kusimama. Humo kuanguka kumekuwa usafiri, na kila anayeanguka hutazama chini njia nzima.

Ukitaka pa kuanzia, anzia mlango wa 3 wa sehemu ya tatu ya Gulliver. Ni kurasa chache, na mtambo na uasi vyote vimo. Angalia tu toleo ulilonalo. Mengi yaliyofupishwa kwa ajili ya watoto yanaishia kwa vibete na majitu, na mengine yana Laputa lakini hayana Lindalino. Yasome kwa raha, kisha utafute kitabu kizima.