Kozi ya tovuti kutoka ng'ambo, mwalimu kutoka Kisesa
Na Mwandishi Wetu, Mwanza

KIJANA wa Kisesa anayetaka kujifunza kutengeneza tovuti anaweza kupanda daladala kila siku hadi Mwanza mjini, umbali wa takriban kilomita 20, akalipe ada chuoni. Anaweza pia kubaki nyumbani na kusoma kwa intaneti kozi za taasisi za ng'ambo, baadhi zikiwa za bure. Ipo njia nyingine katikati ya hizo: shule au kituo cha vijana kilichopo hapo hapo Kisesa kishirikiane na watoa kozi, wao walete masomo, kituo kilete chumba, umeme na mwalimu.

Ushirikiano wa namna hiyo si mgeni nchini. Mwaka 2013 Benki ya Dunia ilitangaza mpango wa majaribio wa kuingiza kozi za Coursera katika mafunzo ya teknolojia ya habari nchini Tanzania. Mwaka 2016 VETA na kampuni ya simu ya Airtel zikazindua VSOMO, ambapo mwanafunzi husoma nadharia kwa simu, kisha hufika katika chuo cha VETA kufanya vitendo. Mfano huu wa pili ndio ulio karibu zaidi na hali halisi ya Kisesa, kwa kuwa unakiri kwamba simu peke yake haimfanyi mtu fundi.

Sehemu ya tovuti anayoiona na kuigusa mtumiaji, ambayo wataalamu huiita upande wa mbele, hujengwa kwa lugha tatu. HTML hupanga maudhui, CSS hutoa rangi na mpangilio, na JavaScript huufanya ukurasa utende jambo, kwa mfano kukokotoa bei au kukagua fomu. Zote ni za wazi na hazinunuliwi. Mwanafunzi huhitaji kompyuta ya kawaida, hata iliyokwisha kutumika, yenye kivinjari na programu ya kuandikia kama Notepad. Akihifadhi faili lake hulifungua papo hapo na kuona matokeo, hata kama intaneti haipo.

Kwa hiyo kinachokula fedha ni video za masomo, wala si zoezi lenyewe. Saa moja ya video ya ubora wa wastani huweza kutumia takriban nusu gigabaiti. Wanafunzi 20 wakiitazama kila mmoja kwa kifurushi chake, gigabaiti 10 zimekwenda kwa kipindi kimoja. Kituo kinachoingia ubia hakina budi kuuliza mapema iwapo kinaruhusiwa kupakua masomo mara moja na kuyasambaza ndani ya chumba. Kuna programu ya bure iitwayo Kolibri iliyobuniwa kwa kazi hiyo: masomo, yakiwemo ya Khan Academy, huwekwa katika kompyuta moja na nyingine husoma kutoka humo bila intaneti. freeCodeCamp, shirika lisilo la kibiashara lililoanzishwa nchini Marekani mwaka 2014, hutegemea zaidi maandishi na mazoezi mafupi, na sehemu ya masomo yake imetafsiriwa kwa Kiswahili.

Hata hivyo, tafsiri haimalizi tatizo la lugha, kwa sababu amri zenyewe hubaki za Kiingereza, tena cha Marekani. Mwanafunzi wa Tanzania amefundishwa tangu shule ya msingi kuandika "colour" na "centre". CSS hutambua "color" na "center" tu. Akiandika kama alivyofundishwa, kivinjari hakimwambii kwamba amekosea; huipuuza amri hiyo kimyakimya, na maandishi hubaki meusi. Anayesoma peke yake anaweza kupoteza jioni nzima akitafuta kosa hilo, na wengine huacha kozi hapo hapo. Mkufunzi aliye jirani hulibaini kwa dakika moja.

Takwimu zinaonyesha ukubwa wa tatizo la kuacha masomo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Science, kuhusu kozi za Harvard na MIT zilizotolewa kupitia edX, ulibaini kuwa katika mwaka wa masomo 2017/18 waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 tu ya washiriki wote. Nchini Rwanda, Kepler ilianza mwaka 2013 mjini Kigali kwa kuchanganya kozi za mtandaoni na walimu darasani, huku shahada ikitolewa na Chuo Kikuu cha Southern New Hampshire cha Marekani.

Suala la cheti linawagusa wazazi moja kwa moja, maana ndio watakaoombwa fedha. Cheti cha mtoa kozi wa ng'ambo si tuzo ya VETA wala ya NACTVET, na mzazi astahili kuelezwa hivyo kabla hajalipa. Aidha, ufadhili una mipaka. Mpango uliotangazwa na Google mwaka 2017 kwa ushirikiano na Udacity na Andela ulikuwa na nafasi 15,000 za kozi fupi kwa Afrika nzima, lakini nafasi za masomo ya miezi sita zilikuwa 500.

Mkataba, basi, usomwe kwa makini katika mambo yanayokuja baada ya uzinduzi: bei itakuwa ngapi ufadhili ukiisha, nani atamlipa mkufunzi, na kazi za wanafunzi zitahifadhiwa wapi akaunti zikifungwa. Mwaka 2020, wakati wa janga la corona, Coursera ilivifungulia vyuo vikuu kozi zake bila malipo, lakini kwa muda tu. Kituo kidogo kisicho na fungu la uhakika kinaweza kuanza na masomo ya bure yasiyohitaji mkataba wowote, na fedha kidogo kilizonazo kikazielekeza kwa mkufunzi.